Ukungu wa Aina Mbili

Kwetu Ndaga ukungu ni mwenyeji.
Unashuka toka msituni bila hodi,
unakalia bati mpaka saa nne,
unaondoka umelowesha upya fulana kwenye kamba.
Huo tumeuzoea. Watoto hupita ndani yake kwenda shule
wakiitana majina, wasipoteane.

Huu mwingine ulikuja Machi,
doa tu, kama tone la mafuta ya taa
kwenye ukingo wa jani.
Ambokile akasema ni mvua, litakauka.
Jumatano doa.
Jumamosi nusu shamba.
Jumapili tulipotoka kanisani
pua zilifika shambani kabla ya macho.

Dawa tulinunua, elfu kumi na nane pakiti.
Tukapiga mara tatu, majani yakazidi kuungua.
Shemeji Gwakisa akachukua iliyobaki,
akaikoroga kwenye maji ya moto.
Ikawa uji.
Tulicheka, naapa, tulicheka mpaka Ambokile akatoka nje.

Kiazi ukikichimba kinakupasukia kiganjani.
Mwaka jana tuliilaani lumbesa,
gunia lenye kilemba kirefu kama la harusini,
mnunuzi anashindilia kwa goti, bei ileile.
Mwaka huu tunaitaja taratibu,
kama mkwe mkorofi aliyekwisha kuzikwa.

Mimi ndiye katibu wa kikundi.
Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinalala nyumba tatu,
daftari linalala kwangu, chini ya mto.
Siku ya marejesho walikuja, wakakaa kwenye magogo,
mikono imefichwa ndani ya vitenge.
Nikasoma.
Tuponile, laki moja na arobaini.
“Nipo.”
Sikuuliza pesa iko wapi. Nikaandika: nipo.
Subilaga, elfu tisini.
“Nipo.”
Mama Lugano alikuwa Katumba akichuma chai ya watu;
binti yake akasimama na sare ya shule:
“Yupo.”
Ukurasa mzima, kwenye safu ya fedha, nipo, nipo, yupo.
Akija mkaguzi sijui atajumlishaje.

Sanduku tulilifungua. Hatukugawana.
Magunia manne ya mahindi kutoka Mbozi,
miche ya pareto kwa kila nyumba, hata ya yule
aliyetukopa akahamia kwa mke mdogo.
Viazi, bwana shamba kasema, misimu miwili visipandwe,
ardhi ipumzike.
Ardhi ina bahati.

Ambokile anabeba mizigo Uyole.
Hurudi Jumamosi, nampaka mafuta mabegani
palipochubuka, hatuongei.
Lusekelo wetu yuko Chunya, kwenye mashimo ya dhahabu.
Alipiga simu mara moja, akauliza habari ya mbwa.

Dada yangu yuko chini, Tukuyu.
Miaka yote tumebadilishana: yeye ndizi, mimi viazi,
gari likipanda na gari likishuka.
Mwezi wa tano alileta mikungu mitano.
Nikamrudishia gunia lake, tupu, limekunjwa.
Usiku akanipigia:
“Wewe, mbona umelifua gunia?”
Sikuwa na kingine cha kutia ndani.
Nikamwambia ndaga. Akasema ndaga nini,
nikasema ndaga tu,
na tukabaki hivyo, salio likiisha.

Jana, nikimwaga majivu nyuma ya jiko,
nimekuta maotea. Shina moja la kiazi,
limejichomoza lenyewe kwenye takataka.
Bwana shamba alikaza: maotea yote yang'olewe,
ndimo ugonjwa unamojificha.
Nikachuchumaa. Nikageuza jani la kwanza,
la pili, nikayageuza yote, juu na chini.
Safi.
Nikalishika shina kwa chini, pale linapoingia udongoni.

Ndipo ukashuka ule ukungu wetu, wa siku zote,
ukafunika jiko, ukafunika majivu,
ukafunika mkono wangu mpaka kwenye kiwiko,
na mtu akaniuliza leo ulifanya nini,
namwambia sikuona.